Ndani ya Bumbu Kijani

Harufu ilimpokea Jumwa kabla hata kichwa hakijamfika mabegani. Alikuwa ameshavaa mwili mzima wa Bumbu Kijani: tumbo la sponji, miguu minene kama mito ya kochi, mikono yenye vidole vitatu vitatu. Kilichobaki ni kile kichwa kikubwa chenye macho ya kutumbuka, na Lorna, mwongozaji wa kipindi, alikuwa amekiinua juu yake kwa mikono miwili, akingoja.

"Nimekiosha mwenyewe," Lorna alisema. "Sabuni ya unga, ndimu, kisha nikakianika juani. Wewe usivute pumzi kwa pua, basi."

"Kahindi alitapika humu ndani, Lorna."

"Kidogo tu."

"Hakuna kutapika kidogo ndani ya kichwa."

Lorna alicheka. Jumwa hakucheka. Siku zote Bumbu Kijani alikuwa Kahindi, kijana mwenye miguu myepesi ya kucheza. Asubuhi hiyo, kwenye mazoezi, Kahindi alikuwa amekunywa kwelikweli ule uji wa rangi ya waridi ambao Mabumbu hujifanya wanaunywa. Uji wenyewe ulikuwa wa juzi. Ulishinda chini ya taa za kamera mpaka ukachacha na kutoa povu, na nzi wa Garsen wakaugeuza kidimbwi chao cha kuogelea. Sasa Kahindi alikuwa kwenye mkeka nyuma ya ukumbi, ameshika tumbo, na watoto walikuwa wameshaanza kuingia.

"Mimi ni Zambarau," Jumwa alisema. "Hiki mpe Tamar."

"Tamar hajui watoto, anajua kupika chai tu. Leo Kijani ndiye anayeshuka bustanini kukaa nao. Tamar nimemvisha Zambarau, atasimama pale juu ya kilima ayumbeyumbe, inatosha. Haya, inama."

Jumwa aliinama. Kichwa kikashuka, na dunia ikawa kijitundu chenye wavu mahali pa mdomo wa Bumbu. Ndani mlikuwa na joto na unyevu, na chini ya ndimu na sabuni ile harufu ilikuwapo bado, chachu, ya uji na nyongo. Alifumba macho, akameza mate.

Kipindi kiliitwa "Bustani ya Mabumbu". Mabumbu walikuwa wanne, kila mmoja na rangi yake, na hawakuwa na neno hata moja vinywani. Walivuma, walicheka, walianguka chali, wakakumbatiana. Watoto ambao hata shule hawajaanza walikuwa wakiwalilia kila jioni mbele ya runinga. Bustani yenyewe ilikuwa nyasi za plastiki zilizotandikwa ndani ya ukumbi wa kukodi uliokuwa zamani ghala la ngozi. Jua likipanda, sakafu ilikumbuka ngozi zake, na harufu yake ikapanda miguuni mpaka kooni. Watoto hawakujali. Kwao pale palikuwa peponi, na Jumwa, aliyekuwa mwalimu wa chekechea Minjila kabla ya kazi hii, aliipenda kazi yake kwa sababu ya nyuso zao. Alishika sheria moja tu kama anavyoshika sala: Bumbu havui kichwa mbele ya mtoto, hata nyumba ikishika moto.

Leo, miongoni mwa nyuso hizo, kulikuwa na uso mwingine aliouogopa na kuutamani kwa pamoja.

"Mama yangu atamleta Ifrah, mtoto wa dada," Issack alikuwa amemwambia jana yake, akiegemea kaunta ya duka lake la dawa za mifugo. Macho yake, yale macho ya upole yenye kope ndefu, yalikuwa yamemwangalia Jumwa kwa huzuni. "Lakini tafadhali, mpenzi, usijitambulishe. Yule mama ana moyo mgumu. Nikimtaja msichana wa Kigiriama, binti wa mzee wa kanisa, chakula hakipiti. Nipe muda nimlainishe."

"Umemlainisha miaka miwili, Issack."

"Nikipigana na mamangu, napigana kwa ajili yako. Hulioni hilo?"

Alikuwa ameliona. Ndiyo sababu alivumilia. Walikutana siku kipindi kilipohitaji ndama, na Issack akamleta mmoja kutoka boma la kwao. Ndama aliwaogopa Mabumbu, akataka kuvunja kamba, na Issack akapiga magoti kwenye nyasi zile za plastiki, akamsemesha sikioni taratibu kama mtu anayembembeleza mtoto mchanga, mpaka mnyama akatulia. Jumwa aliyaona yote hayo kupitia kijitundu cha wavu, na alipovua kichwa alikuwa ameshapenda.

Kwa ajili ya mapenzi hayo, baba yake, Mzee Randu, alikuwa ameacha kunywa chai ya mkono wake. "Unamngoja mtu ambaye kwao hawakutaki," alimwambia. "Mwanangu, unajiuza bei rahisi." Jumwa alilia, lakini hakumwacha Issack. Badala yake alikwenda kila jioni kwa mama wa Kiorma aliyekuwa akiuza maziwa karibu na stendi, akamsaidia kuosha vibuyu na kujifunza Kiorma neno kwa neno, salamu kwanza, kisha habari za mifugo, kisha masengenyo. Hakumwambia Issack. Alitaka siku ile itakapofika, amsalimu mama mkwe kwa lugha yake, na mama afurahi.

"Kamera!" Lorna alipaza sauti. "Muziki! Kijani, shuka kwa watoto!"

Jumwa alishuka kwa ule mwendo wa Mabumbu wa kutingisha makalio. Watoto wakapiga kelele za furaha. Wengine walimkimbilia wakamkumbatia miguu, mmoja akampaka makamasi tumboni. Akakaa kwenye nyasi pembeni kama mchezo ulivyotaka, na mara akapanda mapajani mwake msichana mdogo mwenye hina vidoleni, akampapasa mdomo wa wavu.

"Bumbu, mbona unanuka?" mtoto aliuliza kwa Kiswahili.

Jumwa akavuma sauti ya huzuni, "Mmmuu," na mtoto akacheka mpaka akakwama pumzi.

"Ifrah! Shuka, utamuumiza," sauti ya mwanamke ilisema nyuma yake.

Moyo wa Jumwa uliruka. Mkeka wa wazazi ulikuwa hatua chache tu kutoka alipoketi. Aligeuza kile kichwa kizito kidogokidogo, mpaka wavu ukawaelekea. Mama Issack, Bi Barwako, alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye mtandio wa rangi ya kahawa na macho yaleyale yenye kope ndefu. Pembeni yake alikaa Issack, amevaa kanzu safi iliyopigwa pasi. Jumwa alijikuta anatabasamu gizani mle ndani. Hata kile kinyaa kilipungua kidogo.

Issack alikuwa akiangalia juu ya kilima, kule Zambarau alipokuwa akiyumba. Alimtazama yule Bumbu kwa muda, kisha akamgeuzia mgongo, na akaanza kuzungumza na mama yake kwa Kiorma. Bumbu Kijani aliyeketi karibu hakumtia wasiwasi. Kwake yule alikuwa Kahindi, na Kahindi hakujua hata neno la "maji" kwa Kiorma.

"Ni yupi kati yao?" Bi Barwako aliuliza.

"Yupi nini, mama?"

"Usinifanye mtoto, Issack. Sokoni wananiambia una msichana, na kwamba msichana mwenyewe ni mmoja wa hawa wanaocheza na watoto. Nimekuuliza nyumbani ukanyamaza. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe. Kama yupo, mlete nimwone uso."

Jumwa aliacha kuvuma. Kumbe mama alikuja kumwona?

"Watu wa sokoni wana midomo," Issack alisema.

"Ana tabia mbaya?"

"Sikusema hivyo."

"Ni wa dini nyingine? Hilo ni la kukaa na kuzungumza, si la kufichana. Marehemu baba yako hakunipata kwa urahisi, na mimi si jiwe. Niambie tu ukweli."

Issack alicheka kicheko kifupi, kicheko ambacho Jumwa hakuwahi kukisikia. "Mama, unazungumza kama kuna harusi. Yule ni wa kupitisha muda tu. Ananifuata mwenyewe dukani, nimfukuze? Mtazame pale juu, yule wa zambarau, anavyojitingisha. Mimi nikae na wanaume barazani, waniulize mke wako anafanya kazi gani, niseme anaingia ndani ya manyoya anaruka kama nyani? Akitoka mle ndani ananuka jasho mpaka mtu unajizuia kupumua. Nakwambia kweli, kuna siku namshika mkono huku nasikia kichefuchefu."

Mapajani mwa Jumwa, Ifrah alikuwa akiimba.

"Na bado unamshika," Bi Barwako alisema polepole.

"Ni ujana, mama. Wewe nenda Hola ukanizungumzie yule Laila, binti wa wenye malori ya mifugo. Nilikwambia tangu zamani, huyo ndiye ninayemtaka."

"Kijani!" Lorna alipaza sauti kutoka nyuma ya kamera. "Kijani, cheka! Kicheko kikubwa!"

Jumwa hakusikia.

"Kijani! Cheka!"

Ifrah alimpigapiga mdomo wa wavu. "Bumbu, cheka!"

Na Jumwa akacheka. Alicheka kile kicheko cha Mabumbu, ho-ho-hii, kinachoanzia chini na kupanda mpaka juu, na watoto wote wakacheka pamoja naye. Issack mwenyewe alicheka, akaunyosha mkono akampiga Bumbu Kijani begani kirafiki. Mkono ule ule. Ulizama kwenye sponji, na ngozi ya Jumwa chini yake ikasinyaa kama ngozi ya mtu aliyekanyaga chura kwa unyayo mtupu.

Hakutoka. Alimshika Ifrah mikono akamchezesha. Alianguka chali mahali pa kuanguka, akaamka mahali pa kuamka, akaupokea ule uji mpya wa waridi akajifanya anakunywa huku nyongo ikimgonga koo. Machozi yalimtoka yakachanganyika na jasho, na hakuwa na namna ya kuyafuta. Alikwenda na wimbo mpaka mwisho, akawapungia watoto wote, kila mmoja, ndipo akatembea kwa ule mwendo wa kutingisha makalio mpaka mlango wa nyuma.

Nyuma ya ukumbi, karibu na tangi la maji, Zambarau alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyofudikizwa, akipunga hewa kwa mkono wa manyoya. Jumwa aliegemea ukuta. Aliinua mikono avue kichwa, kisha akasikia viatu vinakuja kwenye kokoto.

Issack alikuja peke yake, ameshika soda baridi. Alitupa jicho kwa Kijani.

"Kahindi, ndugu yangu, tupishe kidogo."

Kijani hakusogea.

"Haya, kaa, wewe ni mtu wa nyumbani." Issack alichutama mbele ya Zambarau, akaiweka soda miguuni pake. Sauti yake ikawa ile laini, ile ya kumbembeleza ndama. "Mpenzi wangu. Pole na joto. Nilikuwa nakuangalia pale juu, moyo unaniuma. Nimemweleza mama leo. Nilimwambia wazi, nampenda Jumwa, nataka kumwoa. Unajua amenijibu nini? Amesema labda afe kwanza. Amelia, Jumwa, mbele za watu. Lakini sitachoka. Wewe ningoje tu, usinichoke."

Zambarau aliitazama soda. Kisha mikono ya manyoya ikapanda, kichwa kikang'oka, na uso wa Tamar mpika chai ukatokea, umelowa chapachapa.

"Mimi ni Tamar, kaka," alisema. "Lakini soda nitakunywa."

Issack aliinuka kwa ghafla hata kanzu ikanasa kwenye ukingo wa ndoo. Alimtazama Tamar. Kisha, polepole sana, akamgeukia Bumbu Kijani, na uso wake ukafifia rangi.

Jumwa alivua kichwa. Nywele zilikuwa zimemgandia usoni, na kwenye kidevu palikuwa na kitu kikavu cha rangi ya waridi ambacho si chake. Hakukifuta.

"Jumwa," Issack alisema. "Wewe... tangu saa ngapi..."

"Tangu mama yako alipouliza ni yupi."

"Tulikuwa tunazungumza Kiorma. Hukuelewa vizuri..."

Jumwa alimjibu kwa Kiorma. Aliyarudia maneno ya Issack, moja baada ya jingine, kwa lafudhi ya muuza maziwa wa stendi: kupitisha muda, nyani, kichefuchefu, Laila wa Hola. Hakuongeza wala hakupunguza. Alipomaliza, Tamar, ambaye hakuelewa hata neno, alikuwa ameishusha soda bila kuifungua.

"Umejifunza lini?" Issack alinong'ona.

"Nilipokuwa nakungoja."

"Mpenzi, sikiliza. Maneno ya mbele ya mzazi si ya moyoni. Nilikuwa nakukinga. Ningesema ndiyo, angekuja kwenu, baba yako angemtukana, kungeharibika kila kitu. Nakupenda, wallahi nakupenda."

Alipiga hatua, akaunyosha mkono amshike shavu, na Jumwa akauona ule mkono kwa mara ya kwanza bila mapenzi ndani yake. Vidole virefu. Kucha safi. Mara ngapi alilala akiufikiria? Alitarajia angekasirika, apige kelele, amrushie kichwa cha Bumbu. Hasira haikuja. Kilichokuja ni kinyaa tu, kinyaa cha mtu aliyekunywa nusu ya kikombe ndipo akaona kilichokuwa kinaelea. Aligeuka, akainama kando ya tangi, akatapika.

Alitapika mpaka hakukubaki kitu. Tamar alimshika mgongo. Issack alirudi nyuma, akaziba pua kwa ncha ya mkono wa kanzu, bila hata kujijua, na Jumwa alipoinuka akamkuta hivyo, ameziba pua.

"Hivyo ndivyo ulivyo," Jumwa alisema. "Mimi nanuka, kweli. Nikioga naisha kunuka. Wewe utaoga na nini?"

"Jumwa, usiseme hivyo."

"Miaka miwili umenifanya nimchukie mwanamke ambaye hajanikosea lolote. Nikilala namlaani kimoyomoyo, mama wa watu. Baba yangu hanywi chai yangu kwa sababu yako. Ungeniambia tu, Jumwa, sikutaki. Ningelia wiki moja nikapona. Kwa nini uliniweka?"

Issack alifungua mdomo. Lakini macho yake yalikuwa yamemtoka yakiangalia nyuma yake Jumwa.

Bi Barwako alikuwa amesimama mlangoni. Haikujulikana amefika lini, ila usoni ilionekana amesikia.

"Mtoto yuko na yule mwenye kamera, anakula biskuti," alisema kwa Kiswahili chake cha kukatakata, akimtazama Jumwa peke yake. "Usiogope, haoni kichwa kimevuliwa."

Jumwa alijifuta mdomo kwa mkono wa manyoya. Alimwinamia, na ile salamu aliyoifanyia mazoezi jioni zote zile, huku akiosha vibuyu, akaitoa yote: amani, mifugo, watoto, malisho, mvua. Sauti ilimkatika kwenye mvua.

Bi Barwako aliitikia kila neno, taratibu, bila kuruka hata moja, kama anavyoitikiwa mtu mwenye heshima yake. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Nani alikwambia mimi labda nife?"

"Mama, twende nyumbani tukaongee..."

"Umeniua mdomoni mwako, miaka miwili, kwa binti wa watu. Nimekufa mara ngapi?" Alizungumza chini, na kila neno lilimfanya Issack azidi kuinama. "Nilidhani nimezaa mwanamume mwoga. Mwoga anasameheka. Na Hola siendi. Sitambeba mtu kama wewe nikampeleke kwa mtoto wa mwenzangu."

"Mama!"

"Ondoka hapa. Unanuka."

Issack alimtazama mama yake, akamtazama Jumwa, akatafuta usoni mwao mahali pa kushika. Hakupata. Aliondoka akipita kando ya ukuta, na kokoto zikalia chini ya viatu vyake mpaka kona ikamficha. Jumwa alingoja moyo umfuate, kama ulivyomfuata siku zote. Uliuma, uliuma sana, lakini ulibaki pale pale kifuani.

Bi Barwako alichota maji kwenye tangi kwa kopo. Alimsogelea, akalowesha ncha ya mtandio wake mzuri wa rangi ya kahawa, na kumfuta Jumwa kile kitu cha waridi kidevuni, kisha mashavu, kisha paji la uso. Hakukunja pua.

"Sina mdomo wa kukuomba," alisema. "Lakini nyumbani kwangu kuna chai ya maziwa. Utakuja?"

Jumwa aliushika ule mkono kwa vidole vyake vitatu vya manyoya.

"Nitakuja, mama," alisema. "Siku ambayo yeye hayupo."

"Basi njoo kesho," Bi Barwako alisema. "Kesho hatakuwapo."